Kukaza mtutu mpya wa Mauser 98: usiamini spana peke yake

Ndugu, umeuliza ukaze kwa nguvu kiasi gani baada ya kubadilisha mtutu wa Mauser 98, bunduki ya zamani ya jeshi, na kama kukaza sana ndiyo usalama. Hapana. Kwenye 98, mtutu unakaa kwanza kwenye bega la ndani ya risiva (mwili wa chuma ambamo mtutu unakazwa), si ule ukingo wa nje unaouona. Ukingo wa nje ukigusa mapema, spana ya kupimia nguvu itakupa namba nzuri kumbe ndani kuna mwanya.

Safisha meno ya kukazia mtutu, paka grisi kidogo, na shika risiva kwenye pete ya mbele. Ukiishika kwa nyuma utaipinda, na hiyo hainyooki.

Kisha vipimo, yaani vipande vya chuma vinavyowekwa chemba badala ya risasi kuangalia nafasi yake; hapa usifanye mzaha. Toa pini ya kupigia na kijino cha kuvutia maganda, funga komeo (kifungio cha nyuma ya chemba) kwa vidole viwili tu. Lifunge kwa kipimo cha chini, ligome kwa cha juu. Likifunga kwa cha juu, usifyatue hata risasi moja. Mpelekee fundi bunduki mwenye leseni. Mimi ningeanzia kwake.