Jibu: Sikiliza poti zote, si moja
Ndugu, umeuliza kwa nini jaribio lako linasema swichi ya mtandao (kifaa kinachopeleka data kwenye poti husika) ni nzima ilhali fremu (vifurushi vya data) zinavujia poti ya 3: ni kwa sababu unasikiliza poti ya 2 peke yake. Futa kwanza jedwali la MAC, yaani orodha ya swichi inayoonyesha anwani ipi iko poti ipi. Tuma kutoka poti ya 1 kwenda anwani isiyojulikana: lazima fremu itokee kwenye poti nyingine zote za VLAN hiyo (kundi la poti zilizotengwa kama mtandao mmoja). Kisha poti ya 2 ijibu kwa anwani hiyo, utume tena. Sasa poti ya 3 inyamaze.

Sisi hapa Ngamiani, Tanga, tulihangaika kutwa na "uvujaji", kumbe ni fremu za STP (itifaki ya kuzuia mizunguko kwenye mtandao) za swichi yenyewe, kila sekunde 2! Tia alama yako ndani ya fremu, uhesabu hizo tu. Muda wa swichi kusahau anwani, ambao kwa kawaida ni sekunde 300, upunguze, usije ukamaliza birika la chai ukisubiri isahau.