Wikiendi za kipupwe Dodoma: kwa mleta mada aliyesema hakuna pa kwenda

Ndugu mleta mada, umeuliza wewe na mkeo mfanye nini wikiendi, maana mmehamishiwa Dodoma mwaka huu na ikifika Ijumaa jioni wenzenu wa ofisini wote wako stesheni ya SGR wanarudi Dar. Waliochangia hapo juu wengi wamekushauri nanyi mkate tiketi. Mimi nawaomba mbaki, angalau msimu huu. Mimi na mume wangu tulipohamia huku tuliamua kubaki, na leo tukialikwa Dar mwezi wa saba tunajiuliza mara mbili.

Sababu ni majira yenyewe. Huku mvua ni msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili. Kuanzia Mei njia za vumbi zinapitika, mazao yanaingia nyumbani, na kwa kuwa mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, Juni na Julai baridi inauma asubuhi na upepo hautulii. Nunueni masweta na mafuta ya midomo, basi. Jua la mchana halichoshi, mnaweza kutembea kutwa.

Jumamosi huwa tunabaki mjini. Asubuhi sokoni Majengo, kununua mlenda mkavu, karanga mpya na ubuyu. Kisha tunatembea kwa miguu kutoka pale kuelekea stesheni ya zamani ya reli, mitaa ambayo bado ina nyumba za zamani, hadi Nyerere Square ambako jioni watoto wanaachiwa wakimbie. Msikiti wa Gaddafi uangalieni alasiri, jua likiwa limeshuka. Jioni nyingine tunapanda vilima vya Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), jiji lote linakuwa chini yenu, na mtashangaa limekuwa kubwa kiasi gani.

Jumapili baada ya ibada ni zamu ya barabara. Dodoma ina barabara kuu nne: ya Morogoro, ya Iringa, ya Singida na ya Kondoa. Tunachagua moja, tunakwenda polepole, tunasimama palipo na watu wanaofanya kazi. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaokupa orodha ya vivutio. Ukifuata vivutio peke yake Dodoma itaisha haraka. Ukifuata mavuno, kila mwezi una safari yake.

Barabara ya Iringa ndiyo anayoipenda zaidi mume wangu. Unapita Mlowa, Fufu, Chipogolo, na mibuyu wakati huu haina majani, inaonekana vizuri umbo lake. Mwisho wetu ni Mtera, barabara inapopita kwenye bwawa la Ruaha Mkuu, pale penye mitambo ya umeme ya megawati 80. Perege wa Mtera mle palepale, wakiwa wa moto, na msipige picha bwawani bila kuuliza kwanza.

Lakini ninachokikumbuka zaidi barabara ile si bwawa. Kuna mahali baada ya Fufu tulikuta akina mama wanapura mtama kando ya njia, juu ya uwanja wa udongo uliosiribwa ukawa laini. Tukashuka, nikaamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," wakaitikia kwa furaha. Mmoja alikuwa amesimama na ungo umejaa, hapepeti, ametulia tu. Nikamuuliza, "Mama, mbona umesimama?" Akasema, "Nangoja upepo, mwanangu. Umekwenda, unarudi." Ukarudi kweli. Akainua ungo mpaka usawa wa bega akaanza kuumimina taratibu. Makapi yakaruka upande wa mume wangu yakamjaa kichwani, punje nyeupe zikaanguka miguuni pake zote pamoja. Upepo huu tunaoulalamikia ofisini kwa sababu ya vumbi, kumbe kijijini kuna mtu anausubiri ili familia yake ile. Tulinunua debe moja kwake, na tangu siku hiyo ugali wa mtama haukosekani nyumbani.

Barabara ya Morogoro ina historia nyingi. Mkikata pale Mbande mnafika Kongwa. Hapo ndipo Waingereza walipoanzisha mradi wao mkubwa wa karanga mwaka 1947, wakafyeka pori kwa mitambo, na mwaka 1951 wakauacha: mvua hazikutabirika, na udongo wa pale kiangazi unakauka ukawa mgumu kama tofali, karanga hazichimbiki. Mgogo yeyote mwenye jembe la mkono angewaambia. Miaka ya 1960 Kongwa hiyohiyo ikapokea kambi za wapigania uhuru, FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na wengine. Vijana wengi wa ofisini kwetu hawajui hata kidogo, na inaniuma. Mkirudi barabara kuu, songeni kwanza upande wa Morogoro hadi Kibaigwa muone soko la mahindi, magunia yanapangwa hadi darini.

Karibu na mji kuna Chamwino. Wengi wanaijua kwa Ikulu, sisi tunakwenda kwa ajili ya ngoma. Tamasha la muziki wa Cigogo hufanyika huko, mara nyingi mwezi wa saba: zeze, ilimba (kinanda cha kupigwa kwa vidole gumba), na akina mama wanaopiga muheme, ngoma imebanwa mapajani, mikono haionekani kwa kasi. Ulizieni tarehe mapema.

Sasa Kolo, kwenye michoro ya kale ya miambani. Hii msiifanye ya siku moja. Ondokeni Jumamosi alfajiri kwa barabara ya Kondoa, ni lami, lala Kondoa mjini, asubuhi mwende Kolo mbele kidogo ukielekea Babati. Pale kijijini kuna ofisi ya mambo ya kale, mnalipa kiingilio na kupewa mwongozaji. Bila yeye msipande. Michoro hiyo iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia na UNESCO mwaka 2006. Watafiti wa mambo ya kale, Mary Leakey na mumewe Louis, walikuja hapa mwaka 1951 wakakaa kuinakili. Mtaona pofu, twiga, na watu wembamba warefu wa rangi nyekundu wenye vichwa vikubwa. Kuna mchoro mmoja wa watu watano, wa katikati ameshikwa mikono pande zote mbili. Mary Leakey aliona ni mwanamke anayegombaniwa. Mume wangu anakubaliana naye. Mimi naona wanacheza ngoma, na ubishi huo ulitufikisha mpaka Dodoma bila redio. Msiiguse wala kuimwagia maji ili ing'ae, hivyo ndivyo inavyofutika. Na kuweni na heshima: Warangi bado wanafanya matambiko yao kwenye mwamba wa Mungomi wa Kolo, si makumbusho tu.

Barabara ya Singida sisi huishia Bahi kununua mchele, sina mengi ya kuwaambia.

Kama hamna gari msihofu. Kondoa, Kongwa na Iringa mabasi yapo kila siku, na vijiji vya jirani mnafika kwa daladala na bodaboda. Sisi tulianza hivyo, na kwenye basi ndiko tulikoelekezwa sehemu nyingi.

Kwa kuwa sasa ni Julai, ushauri wangu ni huu: Nane Nane nendeni Nzuguni, Dodoma na Singida wanaleta mazao na mifugo yao pamoja, mtajua kijiji gani kina nini. Kisha katikati ya Agosti nendeni Hombolo. Zabibu zilizopogolewa baada ya mvua zinaiva wakati huo, maana huku mzabibu ukipogolewa vizuri na kupata maji unazaa mara mbili kwa mwaka. Ombeni ruhusa kwa mwenye shamba, msaidieni kuvuna, nunueni kwake moja kwa moja badala ya kungoja barabarani, kwani bei ya viwandani mara nyingi haimridhishi. Ulizeni na mchuzi wa zabibu, yaani kinywaji cha zabibu zilizokamuliwa, ukiwa baridi. Bebeni ndoo ngumu yenye mfuniko. Kwenye mfuko zitapondeka kabla hamjafika Ihumwa, njiani kurudi mjini.