Bogenvilia yako ina majani tu? Anza kwa kupunguza maji

Hili swali naulizwa sana na majirani hapa Sakina, Arusha, mama fulani bogenvilia yangu imerefuka mpaka imevuka ukuta lakini maua hamna, ya kwako unaipa nini? Na mimi kabla sijajibu nauliza kwanza, unaimwagilia mara ngapi? Karibu wote wanasema kila siku, wengine asubuhi na jioni, na juu yake wamejaza samadi ya ng'ombe. Basi hapo ndo maua yanapopotelea.

Huu mmea kwao ni Amerika ya Kusini, Brazil na nchi za jirani, wazungu waliuchukua huko miaka ya 1760 kwenye safari ya Mfaransa Bougainville, na ni mmea uliozoea kiangazi. Ukiupa maji kila siku unaona maisha ni mazuri, unatumia nguvu zote kurefusha matawi na kutoa majani. Ukikauka kidogo ndo unachanua. Angalia tu mji wetu, mvua za masika zikiwa zimekolea bogenvilia zote ni kijani, afu subiri Januari na Februari au mwezi wa nane kuendelea, kuta zote za Njiro zinawaka pinki na zambarau bila mtu kushika mpira wa maji.

Kwahiyo ninachofanya mimi, ule mwaka wa kwanza namwagilia vizuri mpaka mizizi ishike, baada ya hapo ya ardhini naiacha na mvua. Ya kwenye chungu huwezi kuiacha kabisa, ila ngoja udongo wa juu ukauke, chomeka kidole, na ukiona majani yameanza kulegea kidogo ndo umwagilie, tena mwagilia haswa mpaka maji yatoke chini, halafu iache tena. Na chungu kisiwe kikubwa sana, mizizi ikibanana inachanua vizuri zaidi.

Jua ndo la pili na hapa hakuna mjadala. Saa sita za jua la moja kwa moja kwa siku, chini ya hapo utabaki na majani. Mtu ameiotesha nyuma ya nyumba chini ya mparachichi anategemea maua, haiwezekani jamani. Ndo maana pia watu wa Moshi mjini wanatushinda, kule ni chini na kuna joto, sisi Arusha tuko kama mita 1400 na mwezi wa sita na wa saba ni wingu na baridi tu, kwahiyo miezi hiyo usihangaike na mmea wako, hauumwi.

Mbolea: samadi iliyooza vizuri wakati wa kuotesha inatosha. Urea na CAN, zile mbolea za dukani zenye naitrojeni, waachie wenye mahindi, hizo zinasukuma majani.

Kupogoa sasa, hapa watu wengi wanaogopa bure. Maua yanatoka kwenye matawi mapya, kwahiyo kila msimu wa maua ukiisha kata, punguza yale matawi marefu yanayochomoza, yatachipua pembeni na kila chipukizi linakuja na maua yake. Vaa glavu ngumu, ile miiba haina huruma, na utomvu wake unawasha ngozi kwa baadhi ya watu.

Halafu kitu ambacho watoto wangu walishangaa nilivyowaonyesha, ile rangi yote sio ua, ni majani yaliyogeuka rangi, ua lenyewe ni kale kadogo keupe katikati. Ndo maana yanakaa wiki nyingi hayanyauki haraka, na ukiyashika ni kama karatasi.

Miche usinunue kama jirani anayo. Omba tawi lililokomaa unene wa penseli, kata urefu wa kiganja hivi au zaidi kidogo, toa majani, chomeka kwenye kiriba (ule mfuko wa plastiki wa miche) chenye mchanga uliochanganywa na udongo, weka kivulini na unyevu usikosekane, mvua zinapoanza ndo wakati mzuri. Inachukua miezi miwili mpaka mitatu kushika mizizi, usiing'oe ng'oe kuchungulia. Ya zambarau inakubali kirahisi, nyeupe ni ya kubembeleza, kwahiyo chomeka nyingi. Siku ya kuhamishia ardhini chana kiriba taratibu na udongo wake wote uingie shimoni, mizizi ya bogenvilia ni laini mno, ukiikung'uta umeiua.

Kama unataka fensi acha kama mita moja kati ya mche na mche, na usiweke karibu na njia wanayopita watoto wala chini ya nyaya za umeme.