Maswali na majibu: Wakaren wa Myanmar na vita vya KNU

Maswali ya safari hii yanahusu KNU (Karen National Union), chama cha kabila la Wakaren chenye jeshi lake mashariki mwa Myanmar (zamani Burma), mpakani na Thailand.

Walishika silaha lini, na kwa nini?

Mapigano yalianza 31 Januari 1949 huko Insein, pembeni mwa Rangoon, lakini chuki ilikuwa imeshaota. Mwaka 1942, katika Vita vya Pili vya Dunia, wanamgambo wa Kibama (kabila kubwa zaidi nchini) walioingia nchini pamoja na Wajapani waliua raia wengi wa Kikaren huko Myaungmya. Wakaren waliegemea Uingereza wakitumaini kupata nchi yao baada ya vita. Waingereza waliondoka 4 Januari 1948 bila kuwapa chochote. KNU ilikuwa imeundwa Februari 1947, na miezi michache baadaye ikaanzisha kikosi cha ulinzi. Mkuu wa majeshi wa Burma huru, Smith Dun, alikuwa Mkaren. Vita vilipolipuka aliondolewa na Ne Win akashika nafasi yake. Hilo liliwaathiri Wakaren hadi leo, maana Ne Win ndiye aliyepindua serikali mwaka 1962.

Marehemu babu alikuwa Keya (KAR, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki), akapigana Bama, yaani Burma. Alikuwa pamoja na Wakaren?

Si rahisi. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw mwaka 1944 hadi Kalewa, kaskazini-magharibi. Milima ya Wakaren iko mbali, kusini-mashariki.

Fedha za kuendesha vita miaka yote hiyo zilitoka wapi?

Kwenye mageti ya ushuru. Ujamaa wa Ne Win ulileta uhaba wa bidhaa madukani, kwa hiyo nguo, dawa na vipuri vilipita kwa magendo kutoka Thailand, na ng'ombe na mbao za msaji vikaenda upande wa pili. KNU ilitoza kila mzigo uliopita. Kambi ya KNU ya Kawmoora, moja ya mageti hayo, ilikaa kwenye kona ya mto Moei wa mpakani, pande tatu zikitazama Thailand, na njia ya nchi kavu ilikuwa shingo nyembamba tu. Kwa hiyo ilikuwa vigumu kuishambulia: kombora la jeshi la serikali likipita kidogo linaangukia Thailand, nchi ya watu. Kuanzia 1988 Thailand iliamua kufanya biashara na serikali yenyewe, ikapata vibali vya kukata magogo, na mapato ya mageti yakaporomoka.

"Mikato minne" ni nini?

Ni mbinu ya jeshi la serikali tangu miaka ya 1960: kuwakatia waasi chakula, fedha, habari na vijana wa kujiunga. Wanakijiji wanaamriwa kuhamia eneo moja lenye ulinzi, maghala ya mpunga yanachomwa, na anayeonekana nje ya eneo hilo anapigwa risasi. Mzigo wote humwangukia mkulima. Tuseme pia kwamba mabomu ya ardhini yalitegwa na pande zote mbili, KNU ikiwemo.

Makao makuu ya KNU huko Manerplaw yaliangukaje?

Kwa mpasuko wa ndani. Viongozi wengi wa KNU, akiwemo rais wake Bo Mya, walikuwa Wakristo. Askari wengi wa kawaida walikuwa Wabudha, na walilalamika kwamba wao ndio wanaokufa mstari wa mbele huku vyeo vikienda kwa wengine. Desemba 1994 mamia yao waliasi wakimfuata mtawa U Thuzana, wakaunda DKBA, jeshi la Wakaren Wabudha. Hao walizijua njia zote za msituni. Tarehe 27 Januari 1995 jeshi liliingia Manerplaw, na Kawmoora ikafuata Februari. Kwa maoni yetu, manung'uniko yale yangesikilizwa mapema, Manerplaw isingeanguka namna ile.

Vijana wetu wanaahidiwa kazi Thailand, wanaishia kufungiwa Myawaddy, mji wa Myanmar mpakani na Thailand, wakilazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Ni KNU?

Sehemu kubwa ya majengo yale imekuwa chini ya ulinzi wa waliotokana na mpasuko wa 1994. Wengi wa DKBA waligeuzwa walinzi wa mpaka chini ya jeshi mwaka 2010. Kiongozi wao ni Saw Chit Thu, na sasa wanajiita KNA (Karen National Army). KNU ilipoteka kambi ya jeshi Myawaddy Aprili 2024, hao ndio waliolisaidia jeshi kurudi. Marekani iliwawekea vikwazo Mei 2025.

Wakenya na Waganda wameokolewa huko. Njia ni ileile: viza ya utalii hadi Bangkok, gari la saa nyingi hadi Mae Sot, mji wa Thailand mpakani, kisha kuvushwa mto Moei. Kijana akiambiwa apande gari kuelekea Mae Sot, ashuke akiwa bado Bangkok na aende ubalozini, kama nchi yake ina ubalozi huko. Akishavuka mto, polisi wa Thailand hawana mamlaka tena.