Wasomaji Wanauliza: Papa potwe ni Julai au Desemba?

SWALI: Tuna watoto watatu, wa miaka 5, 8 na 13. Tunataka kuwapeleka Mafia wakamwone papa potwe. Baba yao anataka Julai kwa kuwa hakuna joto kali, mimi nasema Desemba. Nani yuko sahihi? Na huyu mdogo anaweza kuingia majini?
*Mama Watatu, Morogoro*

JIBU: Mama Watatu, umeshinda. Si kwamba potwe, yule papa mkubwa mno anayekula vijidudu vya baharini, huhama Mafia. Watafiti waliowafunga vifaa vya kuwafuatilia walikuta wengi wapo karibu na kisiwa mwaka mzima. Kinachobadilika ni mahali wanapokula. Oktoba hadi Februari uduvi hujazana juu ya maji upande wa Kilindoni, mji mkuu wa kisiwa, na potwe huwafuata huko kinywa wazi. Julai wako mbali zaidi na kwenye kina, tena upepo wa kusi unavuma. Mtalipia boti, mtatapika, mtarudi hamjaona kitu.

Desemba nayo upepo wa kaskazi hukaza kadiri jua linavyopanda, hivyo tokeni asubuhi, na mtenge siku mbili za bahari, maana siku moja ikichafuka ndiyo basi. Muulizeni nahodha saa za maji kujaa na kupwa. Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa mbali, na mtajikuta mnaifuata boti kwa miguu huku mdogo yuko mabegani.

Huyo wa miaka 5 abaki botini, na hapotezi kitu. Potwe anayekula hukaa juu kabisa. Ukiwa ukingoni unamwona mgongo mzima na yale madoa meupe yaliyompa jina la papa shilingi. Mvalisheni jaketi la kujiokolea la kilo zake. Likishafungwa, lishikeni mabegani mlivute juu: likipanda hadi masikioni ni kubwa, majini atachomoka.

Wa 8 aingie akiwa na mtu mzima, na iwapo tu ameshazoea kuogelea kwenye kina huku anapumulia mrija. Miwani ijaribiwe nyumbani: ibandike usoni bila mkanda, avute pumzi kwa pua. Ikishika bila kuanguka inamtosha. Ikivujisha, mara nyingi ni nywele zilizobanwa pembeni. Kuzidi kukaza mkanda hakusaidii.

Nahodha akishaweka mashine frii, kaeni ukingoni mteleze majini taratibu. Mkiruka kwa kishindo, potwe huzama. Kaeni ubavuni, mita 3 kutoka mwilini na 4 kutoka mkiani, kwa sababu mkia unafagia kulia na kushoto na haumwoni mtu. Msikae mbele ya kinywa, msimguse, msitumie flashi. Akiwaacha, msimkimbize; pandeni botini, nahodha awazungushe tena.

Jambo moja ambalo waongozaji wengi husahau kuwaambia watoto: maji yenye uduvi yana ukungu, kama maji ya kuoshea mchele. Mtoto haoni kitu, halafu ghafla ukuta wenye madoa unapita mbele yake. Asipoandaliwa atashtuka, atafungua kinywa, atakunywa bahari.

SWALI: Mwanangu hutapika hata kwenye daladala. Nifanye nini kwenye boti?
*Baba Neema, Dodoma*

JIBU: Dawa ya kichefuchefu cha safari inywewe kama dakika 60 kabla ya kupanda, akishaanza kutapika umechelewa. Mfamasia akupe kipimo kwa umri na uzito wake. Asubuhi ale mkate mkavu au ndizi, si chapati na chai ya maziwa, wala asipande na tumbo tupu. Mkalishe katikati ya boti, mbali na harufu ya petroli, atazame upeo wa bahari. Simu mnyang'anye.

SWALI: Watoto wakifunga shule Agosti, tutaona nyangumi Watamu?
*Msomaji, Nairobi*

JIBU: Ndiyo. Nyangumi wenye nundu hutoka bahari za Antaktika na hupita pwani yetu takriban Julai hadi Oktoba, wakija kuzaa kwenye maji ya vuguvugu. Ila huo ndio wakati wa kusi, na boti lazima ivuke mlango wa mwamba ambapo mawimbi huvunjika. Kwa watoto walio chini ya miaka 8 hivi ni safari ngumu. Tafuteni moshi mweupe wa pumzi juu ya maji, si mapezi. Boti isikaribie chini ya mita 100, na mkimwona mama na ndama, nahodha asipite kati yao.