Usimwachishe mama methotreksati kwa ajili ya unga wa mnadani

Usimwachishe mama yako methotreksati. Umeandika kwamba vidole vyake vimevimba kwa baridi yabisi, kwamba wiki tatu za vidonge hivyo vya kliniki hazijaleta nafuu, na kwamba huko Nachingwea mmepata unga wa mizizi uliomtuliza jirani yenu kwa siku mbili. Kisha unauliza kipimo chake, na kama unafaa kuchanganywa na manjano au mlonge. Hizo siku mbili ndizo zinazonitia hofu.

Katika baridi yabisi kinga ya mwili hushambulia utando wa ndani wa viungo, utando ukavimba na kuanza kula gegedu na mfupa. Methotreksati huituliza kinga hiyo polepole, na kwa kawaida nafuu huonekana baada ya wiki 6 hadi 12. Wauzaji wa unga huvuna katika wiki hizo za kusubiri. Mama yangu, kule Newala, alikuwa ndani ya wiki hizo alipokutana mnadani na mtu mwenye kipaza sauti, aliyemshika mikono, akaitazama, kisha akamwambia kwamba dawa za hospitali zinakausha damu na kwamba mizizi yake haipatani nazo. Vidonge vikawekwa kabatini, akaanza unga wake.

Haukupita muda, akawa anajifunga kanga mwenyewe na amerudi kubangua korosho. Alikula kwa hamu ambayo hatukuwahi kuiona, uso ukajaa ukawa wa mviringo, na majirani wakamsifu kwamba amenawiri. Hakunawiri hata kidogo. Uso wa namna ile, njaa isiyokatika, ngozi inayovilia damu kwa kuguswa tu na sukari iliyopanda ni dalili za steroidi, yaani dawa za jamii ya prednisoloni na deksamethasoni, ambazo wauzaji wasio na haya huzisaga na kuzichanganya na unga wa miti. Udanganyifu huo umegunduliwa maabara katika nchi nyingi.

Pigo kubwa lilikuja unga ulipokwisha na muuzaji akawa hapatikani. Mtu akitumia steroidi kwa muda mrefu, mwili wake huacha kutengeneza homoni yake wenyewe ya aina hiyo, kwa hiyo zikikatika ghafla mwili hubaki mtupu. Mama alitapika, presha ikashuka, akaanguka uani, na alipopata fahamu viungo vyote vilikuwa vimewaka upya, huku miezi ya kuukabili ugonjwa wenyewe ikiwa imepotea. Leo vidole vya mkono wake wa kulia vimelala kuelekea kidole cha mwisho, na korosho humponyoka kabla jiwe halijashuka. Mkono ule haunyooki tena kwa dawa yoyote.

Sina ugomvi na mganga anayekuchimbia mzizi mbele ya macho yako na kukutajia jina la mti. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inamtambua, na inamtaka asajiliwe. Hasira yangu ni kwa yule anayeuza kopo lisilo na jina la mti wala la mwenyewe, kisha anathubutu kumwambia mgonjwa wa mwenzake aache dawa.

Tangawizi na manjano huwapunguzia baadhi ya watu maumivu, lakini havizuii mfupa kuliwa. Upo mmea wa China, Tripterygium wilfordii, ambao katika majaribio ulipunguza kweli uvimbe wa baridi yabisi; huo nao hudhuru uzazi wa wanaume na wa wanawake, hivyo anayeutumia huhitaji kufuatiliwa na daktari sawasawa na anayemeza vidonge. Mmea unaofuta uvimbe kwa siku mbili bila madhara yoyote sijauona.

Ikiwa mama ameshauanza unga huo, usiukatishe ghafla nyumbani. Mpeleke wiki hii hii kwenye kliniki iliyompa methotreksati, kopo likiwa mkononi, na daktari aambiwe ameutumia kwa muda gani. Methotreksati yenyewe aimeze siku moja tu ya wiki kama alivyoandikiwa, kwa maana kuimeza kila siku kunaweza kuua, na asikose vipimo vya damu na vya ini.