Kugeuza ghala la mkonge kuwa ukumbi wa harusi: anzia kwenye paa

Mkuu, umeuliza kama ghala kuukuu la mkonge ulilokodi Muheza linafaa kuwa ukumbi wa harusi, na unasema mpambaji ameshakupa bei ya vitambaa na taa. Linafaa. Nimesimamia ukarabati wa ghala kama hilo upande wa Korogwe, na nakuomba hela ya mpambaji uiweke kando kwanza. Angalia paa.

Maghala mengi ya zamani yaliezekwa kwa asbesto, zile shiti za kijivu za saruji na nyuzi za asbesto, zenye mawimbi mapana. Paa la hivyo likiwa zima na halijaguswa, hatari yake ni ndogo. Balaa ni fundi akitoboa afunge taa, au akikata kwa msumeno. Vumbi lile likiingia kwenye mapafu linaweza kuleta saratani hata miaka 20 au 40 baadaye. Waone NEMC, baraza la taifa la mazingira, kabla ya kushusha chochote. Letu lililoweshwa maji, likateremshwa zima zima, likafungwa kwenye nailoni nzito, likapelekwa kuzikwa palipoelekezwa. Tafadhali usimgawie jirani aezekee banda la kuku.

Ukishaweka bati jipya, masika yatakutesa: mvua ikipiga, MC hasikiki. Weka dari, lakini acha hewa ipite juu, joto la Tanga unalijua. Mwangwi tuliupunguza kwa kutundika mikeka minene ya mkonge ukutani. Nyuzi zake zinameza sauti vizuri sana, na nilifurahi mno kuona mkonge umerudi nyumbani kwake. Ila unashika moto upesi, kwa hiyo mishumaa, majiko na nyaya vikae mbali nao.

Sakafu isikutie wasiwasi, ilibeba marobota ya kilo 250. Tatizo ni mlango: ghala lina mmoja mkubwa wa kusukuma pembeni, na wageni 300 hawawezi kutokea hapo moshi ukijaa. Fungua milango mingine pande mbili, ifunguke kwa nje, kabla Zimamoto hawajaja kukagua.

Hati ya ardhi nayo uisome. Kama inasema kilimo, mwenye shamba aombe halmashauri kubadili matumizi kabla hujamwaga hela.

Mashine ya kufungia marobota usiiuze chuma chakavu. Kwetu maharusi wote wanapigia picha pale.

Tuma picha ya paa ikiwa imepigwa kutoka chini, usilipande, asbesto kuukuu huvunjika ukiikanyaga.